Hekalu la Parthenon: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi huuliza habari za Parthenon kana kwamba limekuwa gofu tangu zama za kale. Sivyo. Tangu mwaka 438 KK hadi jioni ya Septemba 26, 1687 lilikuwa nyumba ya ibada, kwanza ya mungu wa kike Athena, kisha ya Bikira Maria, mwishowe msikiti. Hiyo ni miaka zaidi ya 2,100. Ugofu wake haujafika miaka 350. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayotatanisha kuhusu jengo hili yanafunguka.

Parthenon ni nini, na liko wapi?

Ni hekalu la marumaru juu ya kilima cha Akropoli, katikati ya mji wa Athens nchini Ugiriki. Nje limezungukwa na nguzo 46: nane mbele, nane nyuma, na 17 kila ubavu ukihesabu na zile za pembeni. Ndani kulikuwa na vyumba viwili visivyopitana. Kile kikubwa kilitazama mashariki na ndimo sanamu ya Athena ilimosimama. Kidogo cha magharibi kilitunza mali. Jina lenyewe lina maana ya mahali pa mwanamwali au wanawali, na mwanzoni lilikuwa la chumba kimoja tu kabla halijawa la jengo zima.

Lilijengwa lini, na nani alilipa?

Kazi ilianza mwaka 447 KK. Mwaka 438 KK jengo lilikuwa limesimama na sanamu imewekwa. Michongo ya nje ikaendelea hadi 432 KK. Wasanifu walikuwa Iktinos na Kallikrates, na msimamizi wa sanaa alikuwa mchongaji Pheidias. Aliyeisukuma kazi kisiasa ni Perikles, kiongozi wa Athens.

Fedha ni habari yenye utata tangu siku hizohizo. Athens iliongoza muungano wa miji iliyochanga kujilinda dhidi ya Waajemi, na mwaka 454 KK hazina ya muungano huo ilihamishwa kutoka kisiwa cha Delos na kuletwa Athens. Wapinzani wa Perikles walilalamika waziwazi kwamba michango ya wenzao inatumika kuupamba mji mmoja. Kwa hiyo anayekuambia hekalu hili ni alama safi ya demokrasia amekusimulia nusu ya habari.

Halikuwa la kwanza mahali pale, vilevile. Waajemi walipouteka mji mwaka 480 KK waliliteketeza hekalu lililokuwa bado linajengwa. Vipande vya nguzo zake vilipangwa kwenye ukuta wa kaskazini wa Akropoli, na hadi leo unaviona ukiwa chini mjini.

Je, ni kweli hakuna mstari ulionyooka?

Karibu na kweli. Sakafu ya juu ina upana wa mita 30.88 na urefu wa mita 69.5, lakini si bapa. Katikati imeinuka kama sentimita 6 kwenye pande fupi na kama sentimita 11 kwenye pande ndefu. Nguzo, zenye urefu wa mita 10.43 na unene wa karibu mita 1.9 chini, zimelala kidogo kuelekea ndani, na zinavyopanda hazipungui unene kwa mstari wa moja kwa moja bali zina uvimbe mdogo. Zile za pembeni ni nene kuliko wenzake, kwa sababu nguzo yenye anga nyuma yake huonekana nyembamba.

Mbinu hizi husemwa kuwa ni za kuridhisha jicho, na huenda ni hivyo. Mwinuko wa sakafu una faida ya pili isiyo na ubishi: maji ya mvua yanateremka yenyewe. Jambo la kukumbuka, kwa sababu litatuuma huko chini, ni kwamba kwa mpango huu kila jiwe lina vipimo vyake. Tufali unaweza kulibadilisha na tufali jingine. Jiwe la Parthenon lina kiti chake kimoja, na ukilikalisha penginepo linakataa.

Mawe yalishikana vipi bila saruji?

Kwa uzito, kwa usahihi wa kuchonga, na kwa vyuma vilivyofichwa. Marumaru ilichimbwa mlima Penteli, umbali wa kilomita 16 hivi, ikaletwa kwa mikokoteni ya maksai. Kila nguzo ni mapande ya duara 10 hadi 12 yaliyopandishwa moja juu ya jingine. Katikati ya kila pande palichongwa tundu la mraba, likatiwa kigingi cha mti wa sipresi, chenye pini ya kulenga pande la juu likae sawa na la chini. Nyuso hazikugusana kote. Zilisuguliwa zikakutana sawasawa pembezoni, na eneo la kati likaachwa limekwaruzwa na kuzama kidogo. Ndiyo maana kiungo hakionekani kwa nje. Mifereji 20 ya kila nguzo ilichongwa baada ya nguzo kusimama.

Mawe ya kuta na ya juu ya nguzo yaliunganishwa kwa vibanio vya chuma. Kila kibanio kilikalishwa ndani ya mfereji wake, kisha ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa mpaka ikakifunika chote. Risasi ilizuia hewa na maji kufika kwenye chuma, na kwa kuwa ni laini ilipokea mtikisiko wa tetemeko. Vibanio vingi vya kale vimetolewa katika karne yetu vikiwa bado vizima.

Ndani kulikuwa na nini?

Sanamu ya Athena, kazi ya Pheidias, yenye kimo cha kama mita 12. Kiunzi kilikuwa cha mbao, ngozi ya mwili ikawa pembe za ndovu na mavazi mabamba ya dhahabu. Tundu la mhimili wake bado lipo sakafuni. Mabamba yalibanduka, na hilo lilikusudiwa: mwaka 431 KK, vita na Sparta ilipoanza, Perikles aliihesabu dhahabu hiyo, talanta 40, yaani zaidi ya tani moja, kama akiba ambayo mji ungeweza kuikopa na kuirudisha. Mbele ya sanamu palikuwa na dimbwi la maji. Mwandishi Pausanias anaeleza sababu: kilima ni kikavu, na pembe za ndovu bila unyevu hupasuka.

Dhahabu ilibanduliwa kweli, lakini si kwa mkopo. Mtawala wa mabavu aliyeitwa Lachares aliichukua mwanzoni mwa karne ya 3 KK ili alipe askari wake.

Lilikuwa jeupe kama linavyoonekana?

Hapana. Michongo na sehemu za juu zilitiwa rangi, nyekundu na samawati zikiwa mbele. Chembe za samawati ya Misri zimeonekana kwenye michongo kwa kamera zinazonasa mwanga usioonekana kwa macho. Marumaru ya Penteli yenyewe ina chembe za chuma, ndiyo sababu ikikaa sana juani inapata ile rangi ya asali.

Mtume Paulo aliliona?

Mimbari yake katika Matendo ya Mitume sura ya 17, Areopago, ni jina la mwamba ulio hatua chache tu kaskazini-magharibi ya Akropoli. Hotuba ile juu ya Mungu asiyekaa katika nyumba zilizojengwa kwa mikono inapata makali ukijua ni nyumba ipi iliyokuwa inawatazama wasikilizaji kwa juu. Wakati huo hekalu lilikuwa na karibu miaka 500 na ibada zake zilikuwa zinaendelea. Miaka michache baadaye, mwaka 61 BK, jina la Kaisari Nero lilibandikwa upande wa mashariki kwa herufi za shaba. Herufi ziliondolewa alipoanguka. Matundu ya misumari yapo, na ni kwa matundu hayo wataalamu waliyasoma maandishi.

Paa la kwanza lilipotea vipi?

Kwa moto, kati ya karne ya 3 na ya 4 BK. Wengine huwataja Waheruli walioushambulia mji mwaka 267, wengine Wavisigothi wa mwaka 396. Marumaru inastahimili mengi ila si moto: ikipata joto kali inapasuka na kugeuka chokaa. Boriti za mbao za paa zilipoungua ziliangukia ndani, na nguzo za ndani zikaharibika vibaya.

Waliolikarabati hawakuwa na uwezo wa Perikles. Waliokota nguzo kutoka majengo mengine ya mji wakazisimamisha ndani, na paa jipya likafunika vyumba tu, si veranda ya nguzo za nje. Huu ndio ukarabati mkubwa wa kwanza tunaoujua. Haukuwa mzuri kwa sura, lakini uliliwezesha jengo kuendelea kutumika.

Liligeuzwaje kuwa kanisa?

Kwa kuligeuza nyuma-mbele. Mlango wa hekalu ulikuwa mashariki, ili jua la asubuhi liifikie sanamu. Kanisa lilitaka madhabahu iwe mashariki. Basi mlango wa mashariki ukazibwa kwa ukuta wa nusu duara wa madhabahu, na chumba cha nyuma kikawa ukumbi wa kuingilia kutoka magharibi. Ukuta uliotenga vyumba viwili ukatobolewa milango. Nafasi kati ya nguzo za nje zikajengwa ukuta, na madirisha yakakatwa juu, baadhi ya mawe ya ukanda wa michongo uliozunguka kuta za vyumba kwa juu yakaondolewa kupisha mwanga. Kazi hiyo ilifanyika kati ya karne ya 5 na ya 6.

Gharama yake kwa sanaa ya kale ilikuwa kubwa. Sanamu za katikati ya pembetatu ya mashariki (ile iliyo chini ya paa, juu ya nguzo za upande mfupi), zilizoonyesha kuzaliwa kwa Athena, ziliondolewa ukuta wa madhabahu ulipopanda. Mabamba ya mraba yenye michongo juu ya nguzo, 92 kwa jumla, yalipigwa patasi makusudi upande wa mashariki, kaskazini na magharibi hadi sura zikafutika. Bamba moja la pembe ya kaskazini-magharibi liliachwa. Linaonyesha mwanamke ameketi na mwingine amesimama mbele yake, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba Wakristo waliliona kama malaika akimpasha Maria habari njema. Yale ya kusini hayakuguswa. Upande huo unatazama bonde na watu hawakupita sana.

Lakini pasipo kanisa sidhani tungekuwa na jengo la kuzungumzia. Mahekalu yaliyokosa mwenyewe yaligeuzwa machimbo ya mawe na chokaa. Hili lilipata waumini, askofu, na mafundi wa kupanda kuziba paa linapovuja.

Lilikuwa kanisa muhimu, au la mtaani tu?

Lilikuwa mahali pa kuhiji. Mfalme Basil II wa Bizanti, baada ya kuwashinda Wabulgaria mwaka 1018, alikuja Athens kumshukuru Bikira Maria humu. Juu ya madhabahu palikuwa na picha ya Maria iliyotengenezwa kwa vipande vidogo vya kioo. Kwenye nguzo wamehesabu zaidi ya maandishi 200 yaliyokwaruzwa na Wakristo, mengi yakiwa sala na habari za vifo vya maaskofu. Kwa mwanahistoria wa karne hizo nguzo hizo ni daftari la kanisa.

Baada ya vita vya msalaba vya mwaka 1204 Wakatoliki walilichukua kutoka kwa Waorthodoksi, na mnara ukajengwa pembe ya kusini-magharibi. Ukoo wa Acciaioli kutoka Florence ulitawala Athens mwishoni mwa karne ya 14, na Nerio wa kwanza, aliyefariki 1394, aliandika katika wosia wake kwamba mji wote uwe mali ya kanisa hili. Hekalu likarithishwa mji! Wosia haukudumu.

Na msikiti?

Waosmani waliuteka mji mwaka 1456 na Akropoli ikasalimu amri 1458. Ndani ya karne hiyohiyo kanisa likawa msikiti. Mabadiliko yalikuwa madogo kuliko yale ya Wakristo: madhabahu iliondolewa, mihrabu na mimbari zikawekwa, picha zikapakwa chokaa, na mnara wa kanisa ukaongezwa kimo ukawa wa kuadhinia. Msafiri mashuhuri Evliya Çelebi alifika katika karne ya 17 akausifu kwa maneno ambayo hakuyatumia kwa misikiti mingi.

Mwaka 1674 balozi wa Ufaransa, markizi wa Nointel, alipita na mchoraji aliyechora michongo iliyokuwa bado mahali pake. Zamani michoro hiyo ilidhaniwa kuwa ya Jacques Carrey. Leo watu wanaogopa kuapa. Ilibaki miaka 13 tu kabla ya mlipuko wa 1687. Kwa sanamu nyingi, karatasi hizo ndizo habari pekee tulizo nazo za jinsi zilivyokuwa zimepangwa.

Nini hasa kilitokea mwaka 1687?

Jeshi la Venice likiongozwa na Francesco Morosini, na askari wa nchi kavu chini ya Königsmarck, jemadari wa Uswidi, liliizingira Akropoli. Waosmani walihifadhi baruti ndani ya Parthenon, na familia nyingi zikajificha humohumo. Jioni ya Septemba 26 kombora lililorushwa kutoka upande wa kilima cha Philopappos lilipenya paa likaiwasha baruti.

Mlipuko ulisukuma nje kutoka katikati. Paa likaruka, kuta ndefu za vyumba zikaanguka, nguzo nane za kaskazini na sita za kusini zikalala pamoja na kila kilichokuwa juu yake. Pande mbili fupi zilibaki zimesimama, ndiyo sababu ukilitazama kutoka magharibi hulioni pengo. Watu wapatao 300 walikufa.

Morosini alitaka kurudi kwao na kumbukumbu. Alijaribu kuwashusha farasi wa pembetatu ya magharibi, kamba na kapi zikamshinda, wakaanguka wakavunjika. Mwaka uliofuata jeshi lake likauacha mji. Yaani mji ulishikwa miezi michache kwa gharama hiyo yote.

Kwa nini baruti iwekwe kwenye msikiti?

Kwa sababu kuta zake ndizo zilizokuwa nene kuliko zote kilimani, na inadhaniwa walitegemea kwamba Wakristo hawatalipiga jengo lililokuwa kanisa. Funzo lilikuwepo karibu: katika karne hiyohiyo baruti iliyohifadhiwa kwenye lango kuu la Akropoli, Propylaia, ilikwisha kulipuka.

Elgin alichukua nini, na kwa ruhusa gani?

Thomas Bruce, lodi wa Elgin, alikuwa balozi wa Uingereza kwa Sultani kuanzia 1799. Mafundi wake, chini ya mchoraji Mwitalia Giovanni Battista Lusieri, walianza kushusha michongo mwaka 1801. Haikuwa kuokota vilivyoanguka tu. Ili kulichomoa bamba lililobanwa kati ya mawe, walivunja mawe ya juu yake. Mawe ya ukanda wa michongo yalikuwa mazito mno, wakayakata kwa msumeno migongo ili wabebe uso tu. Mwaka 1802 meli yake iitwayo Mentor ilizama karibu na kisiwa cha Kythera, na ilibidi wazamiaji wa sponji waajiriwe kuyatoa makasha baharini.

Kuhusu ruhusa: hati ya Kiosmani yenyewe haijaonekana. Iliyopo ni tafsiri ya Kiitaliano ya barua inayoruhusu kuchora, kupima, kuchimba, na kuchukua baadhi ya mawe yenye maandishi au michongo. Mabishano ya miaka 200 yamekaa juu ya maneno hayo ya mwisho: je, ni mawe yaliyopo chini, au hata yale yaliyoko juu ya jengo? Mwaka 2024 mwakilishi wa Uturuki katika kikao cha UNESCO alisema hawaijui hati inayohalalisha mauzo hayo. Bunge la Uingereza lilinunua mkusanyo mwaka 1816 kwa pauni 35,000, kwa kura 82 dhidi ya 30, fedha isiyofika nusu ya alizodai Elgin kuwa alizitumia.

Hoja kwamba aliviokoa na chokaa au moshi wa magari ina chembe ya ukweli kwa vipande vilivyokuwa vimelala chini. Kwa yale mabamba yaliyokatwa ukutani haisimami.

Vipande viko wapi leo?

Jumba la makumbusho la British Museum mjini London lina mabamba 15 ya mraba, sanamu 17 za pembetatu, na kama mita 75 za ukanda wa michongo ambao mwanzoni ulikuwa na mita 160. Sehemu kubwa ya vingine iko Athens. Louvre ya Paris ina kidogo, na miji kadhaa ya Ulaya ina vipande vya mkononi. Mfano unaoonyesha upuuzi wa mtawanyiko huu: vichwa viwili vya bamba moja la kusini viko Copenhagen tangu 1688, vilipochukuliwa na ofisa aliyetumikia Venice, na miili yake iko London.

Baadhi vimerudi. Heidelberg ilirudisha kipande mwaka 2006, Palermo 2022, Vatikani 2023. Kwa London kikwazo cha kisheria ni sheria ya mwaka 1963 inayolizuia jumba hilo kugawa mali zake ila katika hali chache.

Kwa nini hatuoni tena kanisa wala msikiti?

Vilibomolewa na wasomi, si na wapiganaji. Baada ya mlipuko Waosmani walijenga msikiti mdogo katikati ya magofu, nao unaonekana kwenye picha ya kamera iliyopigwa mwaka 1839. Kikosi cha mwisho cha Waosmani kiliondoka 1833, na taifa jipya la Ugiriki likaamua kwamba Akropoli ionekane ya Perikles tu. Msikiti mdogo ukaondolewa miaka ya 1840, nyumba za kilimani zikafuata, na mwaka 1875 mnara mkubwa wa zama za Wafrank (wale Wakatoliki waliotawala baada ya 1204) pale langoni ukaangushwa. Kilichosalia ni sehemu ya chini ya ule mnara wa pembe ya kusini-magharibi, na ngazi yake ya mzunguko.

Hilo gofu safi unaloliona kwenye kadi za posta ni kazi ya karne ya 19.

Ukarabati wa Balanos ulikosea wapi?

Mhandisi Nikolaos Balanos alianza kazi baada ya tetemeko la 1894 na aliendelea, kwa vipindi, hadi miaka ya 1930. Mgala muue na haki yake mpe: safu ya nguzo za kaskazini iliyoanguka 1687 imesimama kwa sababu yake. Lakini alitumia vyuma vya kawaida bila kuvifunika kwa risasi. Chuma kikishika kutu hutanuka, na jiwe lililokizunguka halina pa kukimbilia ila kupasuka. Yeyote aliyejenga pwani ameona nondo zikilipua zege kwa namna hiyohiyo. Kikulacho ki nguoni mwako: miaka 40 baadaye marumaru iliyokuwa imestahimili matetemeko na baruti ilikuwa inapasuliwa kutoka ndani.

Kosa la pili ni lile tulilolidokeza. Balanos aliyachukulia mawe kama yanabadilishana nafasi. Aliyachonga viungo ili yakubali mahali alipoyaweka, akayakata mifereji ya kupitisha vyuma vyake vikubwa, na alipokosa jiwe alijaza zege.

Leo jiwe moja linatengenezwaje?

Kamati ya kuhifadhi Akropoli iliundwa mwaka 1975, na kwa Parthenon jina kubwa ni la msanifu Manolis Korres, aliyetumia miaka mingi kutafuta kila jiwe lililotawanyika kiti chake halisi. Utaratibu uko hivi:

1. Jiwe linapimwa, linachorwa na kupigwa picha likiwa mahali pake, kisha linashushwa kwa kreni.
2. Vyuma vya Balanos na saruji yake vinatolewa. Hatua hii ni ya polepole, kwani chuma kimeshikana na jiwe lililokwisha kupasuka.
3. Vipande vinaunganishwa kwa fito za titani na saruji nyeupe. Titani haishiki kutu. Unene wake unapigiwa hesabu ili kwenye tetemeko titani ipinde kabla marumaru haijavunjika, kwani fito inaweza kubadilishwa.
4. Sehemu iliyopotea inajazwa kwa marumaru mpya kutoka Dionysos, upande wa pili wa mlima uleule wa Penteli. Uso uliovunjika unatolewa kalibu ya plasta, na mashine ya kunakili inachonga jiwe jipya lifuate kila shimo la lile la kale. Jipya linakatwa limfuate mkongwe, kamwe si kinyume.
5. Jiwe linarudishwa kwenye kiti chake na kufungwa kwa vibanio vya titani.

Jiwe jipya ni jeupe mno na hilo ni la makusudi: mtazamaji ajue lipi la kale. Litakolea lenyewe. Michongo iliyobaki haiachwi nje. Mvua yenye asidi hugeuza uso wa marumaru kuwa jasi inayooshwa na mvua inayofuata. Ukanda wa magharibi ulishushwa mwaka 1993 na kusafishwa kwa leza.

Litawekewa paa tena?

Hapana. Mawe ya asili yaliyopo hayatoshi, na kanuni ya kazi hii ni kurudisha kilichopo, si kubuni.

Nikienda Athens nifanye nini?

Tiketi ni ya saa maalumu. Tangu Septemba 2023 kuna kikomo cha wageni 20,000 kwa siku, basi nunua mapema. Chagua saa ya kwanza asubuhi. Kukiwa na joto kali Julai au Agosti hufunga mchana. Vaa viatu vyenye soli ya kushika: mawe ya njia yamesuguliwa na nyayo mpaka yanateleza hata yakiwa makavu. Ndani ya hekalu huingii.

Ukitoka Propylaia unakutana na upande wa magharibi, na watu wengi hupiga picha hapo wakaondoka wakidhani wameona mbele. Huo ni mgongo, ambao kanisa liliufanya uso. Zunguka hadi mashariki uone mlango wa kweli na matundu ya herufi za Nero. Upande wa kusini unaonyesha vizuri nguzo zilizokosekana tangu mlipuko.

Kisha shuka kwenye Jumba la Makumbusho la Akropoli, lililofunguliwa Juni 2009, tiketi yake mbali. Ghorofa ya juu imepindishwa ilingane na Parthenon, na ukanda wa michongo umepangwa kwa mfuatano wake. Vyenye rangi ya asali ni vya asili. Vyeupe vya plasta ni nakala za vilivyoko kwingine.

Kuna mahali naweza kuliona likiwa zima?

Nashville, Tennessee, lipo la ukubwa kamili. Lilijengwa kwa maonyesho ya mwaka 1897 kwa vifaa vya muda, kisha likajengwa upya kwa zege katika miaka ya 1920. Wasomaji walioko Marekani, hiyo ni nafasi yenu. Lina dari, lina rangi, na tangu 1990 lina Athena wa karibu mita 13, aliyepakwa dhahabu mwaka 2002. Simama miguuni pake ndipo uelewe kwa nini Perikles alimhesabu miongoni mwa akiba za vita.